Milimita 50 ni maji kiasi gani shambani kwako?

Wakulima wenzangu, kila msimu TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) wakitangaza mvua kubwa, yaani zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24, watu wanasikia kwenye redio alafu wanaendelea na palizi, maana milimita 50 inaonekana kitu kidogo, si sentimita tano tu hizo. Hebu tupige hesabu. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Ekari moja ina mita za mraba kama 4,000, kwahiyo milimita 50 ni lita laki mbili, ni tani 200, sawa na malori ishirini ya tani kumi kumi yamemwagwa kwenye ekari yako siku moja. Na kama juu yako kuna mteremko wa ekari tano uliolimwa mpaka kileleni bila kinga yoyote, ongeza hadi tani 1,000 zinazotafuta pa kushukia. Maji yakiongeza kasi mara mbili, nguvu ya kusukuma inapanda mara nne, ndio maana maji ya magotini yanambeba mtu mzima.

Katesh, mji ulio chini ya mlima Hanang mkoani Manyara, tunaikumbuka, tarehe 3 Desemba 2023. Sehemu ya mlima Hanang iliyoshiba maji ilimeguka, ikawa uji wa tope, ukashuka na mawe na magogo mpaka mjini, watu zaidi ya 80 wakafa. Inauma mpaka leo.

Kwahiyo pima mwenyewe. Chukua kopo lenye kuta zilizonyooka, liweke mahali pa wazi mbali na miti, kila siku saa tatu asubuhi pima kina cha maji kwa rula, andika kwenye daftari, mwaga. Usiangalie siku moja tu, jumlisha za wiki nzima, kwasababu udongo ukishashiba hata mvua ya kawaida inaweza kuuangusha.

Shambani chimba makinga maji, yaani mitaro na matuta ya kuzuia maji, ukifuata kontua, mistari inayokatiza mteremko kwa kimo kimoja, zipime kwa fremu ya A (miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, na kamba yenye jiwe la kuonyesha usawa), usikadirie kwa macho, kinga ikiinama kidogo tu maji yote yanakimbilia sehemu moja na kuchimba korongo. Fanya juu ni nzuri, tupia udongo upande wa juu alafu panda matete au majani ya guatemala kwenye tuta. Lakini mteremko mkali sana wenye nyufa usichimbe mitaro ya kuhifadhi maji, utakua unaushibisha zaidi, pale acha miti. Na kando ya mto sheria inataka uache mita 60, najua pale ndio penye rutuba ila ndipo mto unapopita ukifura.

Ukiona nyufa mpya ardhini, miti imeanza kuinama, chemchemi imetokea pasipokuwepo, au mto umepungua ghafla wakati mvua bado inanyesha, ujue mlima unataka kumeguka au huko juu kuna kitu kimeziba mto. Ondoka muda huo huo, hata usiku. Fungua ng'ombe na mbuzi kamba waende wenyewe, chukua watoto na wazee, kimbia kwenda pembeni ya njia ya tope, usikimbie kufuata bonde.

Maji yakishapungua, mahindi yaliyolowa usiyaanike ukala, wala usiwape kuku. Yanaota ukungu, na sumu yake, sumukuvu, haiishi kwa kupika.