SOMO: Mbwa wa jirani na kuku wako wa uani, kuanzia asubuhi ya msiba mpaka kwa chifu

Assalaam alaykum, na hamjambo wadau. Naandika mara moja ili mkiniuliza tena niwaelekeze hapa. Swali ni lile lile, kote hapa Mombasa, litoke Mishomoroni, litoke Utange, litoke Mikindani: mbwa wa jirani ameingia uani, kuku wamelala chini, nifanyeje? Viwanja vyetu vimebanana, kuta ni nusu nusu, huyu anafuga kuku apate mayai, yule anafuga mbwa kwa ajili ya wezi, na kila mmoja ana haki yake. Mtakaosoma mpaka chini hamtakuwa na haja ya kunipigia usiku.

Shikeni jambo moja kabla ya yote: ua wako unautengeneza leo, jirani unamtengeneza polepole. Wengi hufanya kinyume. Kutwa nzima ni maneno ukutani, magharibi inaingia banda liko vile vile, na mbwa aliyekwisha onja hurudi kwa njia ile ile.

HATUA YA 1. Piga picha mizoga, manyoya, nyayo na tundu alilopitia. Usifagie kwanza.

HATUA YA 2. Hakikisha ni mbwa. Kuna majirani hawasalimiani kwa kosa la kicheche. Mbwa huua wengi kwa fujo, akawaacha wametapakaa bila kuwala wote. Meno utayaona mgongoni na mapajani, na banda limevunjwa au limefukuliwa. Kanu na kicheche hupenya kitundu kidogo, na huuma shingo na kichwa. Kenge hutafuta mayai na vifaranga, akavimeza vizima. Kifaranga kikipotea mchana kweupe bila hata unyoya, tazama juu ya mnazi. Kunguru huyo.

HATUA YA 3. Waliojeruhiwa watenge, na usiwashike kwa mikono mitupu, maana hujui mbwa yule ana chanjo au hana. Vaa glavu, osha jeraha kwa maji na sabuni, mwite daktari wa mifugo. Mizoga ifukie chini sana. Ukiitupa jaani umemwandalia mgeni wako karamu ya pili.

HATUA YA 4. Banda. Wavu wa kuku, ule wa vitundu vya pembe sita, kazi yake ni kumzuia kuku asitoke. Mbwa haumzuii. Ataung'ata, atauvuta, na ukishaliwa na kutu ya huu upepo wetu wa chumvi, hata paka ataupasua. Kuanzia ardhini mpaka kimo cha kiuno weka ule wavu mgumu wa kuchomelewa ambao mafundi huuita weldimeshi. Juu yake unaweza kubakiza wavu wako wa zamani. Nguzo ziwe boriti, zinatosha.

Halafu chini. Mbwa hafukui mbali na banda. Hufukua pale pale ukuta unapokutana na ardhi. Basi laza kipande cha weldimeshi juu ya ardhi kuelekea nje, upana wa sentimita 50 hivi, ukifunge na wavu wa ukutani kwa waya, kisha ukikandamize kwa mawe. Akija kufukua atakuwa amesimama juu ya wavu wenyewe, na akili ya kurudi nyuma hatua mbili ndiyo afukue hana.

Mlangoni weka komeo la chuma, si kamba. Na kama paa lako la makuti liko chini karibu na ukuta wa jirani, hesabu kuwa una mlango wa pili: mbwa hurukia ukutani, akatua juu ya makuti, makuti yakamwachia. Pigilia fito za karibu karibu chini yake. Vigae vya chupa juu ya ukuta acheni, atakayekatika ni mtoto anayefuata mpira.

HATUA YA 5. Nenda kwa jirani. Hapa ndipo nilipoharibu mimi, kwa hiyo nivumilieni maneno yakiwa mengi. Usiende asubuhi ile ile na kuku mkononi. Nenda jioni, baada ya Alasiri, hasira zimeshuka, ukiwa na mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote mbili. Mimi nilikwenda hivyo, na jirani akawa muungwana kweli. Akatoa pesa ya mitetea yote papo hapo, tukapeana mikono, nikarudi nyumbani nimeridhika. Mbwa mwenyewe hakuna aliyemtaja. Alipoingia tena, jirani akaniambia, "Si utaniambia hesabu tu, bwana?" Kwake yeye lilikuwa limeshakuwa duka, mbwa anakula na yeye analipa, na mimi niliyepokea ya kwanza bila sharti sikuwa na la kusema.

Kwa hiyo, USIPOKEE SHILINGI kabla hamjakubaliana habari ya mbwa. Mchana afungwe au akae kibandani kwake. Usiku akifunguliwa, geti liwe limefungwa na lile pengo la chini limezibwa. Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa ukione kwa macho yako, na ujue chanjo hiyo hurudiwa kila mwaka. Pesa ya kuku ndiyo iwe ya mwisho. Yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari la mtoto, tarehe na sahihi, na yule mtu mzima atie yake kama shahidi.

Tahadhari nyingine hapo hapo: mwenye nyumba mara nyingi yuko Nairobi au ng'ambo, anayekaa na mbwa ni mlinzi. Mlinzi atakukubalia kila kitu kwa sababu hana mamlaka ya lolote. Tafuta namba ya mwenye mbwa. Na usianze na habari ya najisi. Sote twaijua, lakini jirani asiye Mwislamu ukimfungulia mlango huo atasikia kuwa unamfukuza mtaani, na mazungumzo ya kuku yamekwisha.

HATUA YA 6. Ikishindikana, mzee wa mtaa, kisha ofisi ya chifu, ile karatasi mkononi. Mbwa akitishia watu, nenda kituo cha polisi na usitoke bila namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi. Kama hana chanjo, mjulishe afisa wa mifugo wa kaunti ndogo yako. Fidia ikikataliwa kabisa iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016: hupokea madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Zile picha za hatua ya 1 zinaanza kufanya kazi hapa.

Habari ya SUMU: hapana. Sumu haichagui. Itamla paka wako, kunguru ataibeba aidondoshe ua wa tatu penye watoto. Na kumtilia mnyama sumu ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Jana ulikuwa mlalamikaji, leo unaitwa wewe kituoni.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Magongo: Kaka mbwa wa jirani ameua kuku wangu jana nifanye nini?

Mwenye somo: Hatua ya 1.

Kijana wa Magongo: Nimeshafagia.

Mwenye somo: Basi hatua ya 2, na soma sentensi ya mwisho ya hatua ya 1 kwa ajili ya siku nyingine.

Mama Mitetea, Likoni: Ahsante kwa somo, kaka yangu. Kwetu ardhi ni mchanga mtupu, mbwa akifukua dakika mbili ashaingia. Huo wavu wa kulaza utashika kweli? Na kutu je, maana sisi bahari tunaisikia kitandani.

Mwenye somo: Swali zuri, dada. Kwenye mchanga ongeza upana, fanya sentimita 80 au hata mita, na usitegemee mchanga kuukandamiza kwa sababu mvua itauondoa. Panga mawe ya matumbawe juu yake, ukingo wa nje ndio upate makubwa zaidi, maana akianza kuvuta ataanzia hapo. Kuhusu kutu, ukinunua weldimeshi muulize muuzaji kama imetiwa zinki baada ya kuchomelewa au kabla. Iliyotiwa baada hudumu zaidi, kwa kuwa maungio nayo yamefunikwa. Ya kabla huanza kuoza pale penye maungio. Iliyopakwa plastiki ni nzuri pia ila usiikwaruze unapoifunga. Na kipande cha ardhini kikague kila baada ya masika, hicho ndicho hufa mwanzo.

Mama Mitetea, Likoni: Allah akulipe. Nilikuwa nataka kumwaga zege chini pote.

Mwenye somo: Zege ni pesa nyingi, na kuku wanapenda kuparura ardhi. Wavu unatosha.

Bamburi Boy: Hizo hatua ni ndefu. Niambie tu sumu gani inafanya kazi haraka.

Mwenye somo: Umeruka aya nzima. Irudie.

Mwanafunzi wa Kisauni: Shikamoo mzee. Mbuzi wetu aling'atwa pajani na mbwa, bado anasimama. Bibi anasema achinjwe tule, baba anasema ni haramu kwa sababu mbwa amemgusa. Nani yuko sawa?

Mwenye somo: Marahaba mwanangu. Katika Sura ya al-Maida, aya ya 3, aliyeliwa na mnyama mkali ametajwa pamoja na vilivyoharamishwa, halafu akatolewa yule mliyewahi kumchinja. Kwa hiyo mbuzi aliye hai sawasawa akachinjwa, bibi ana hoja, na jinsi ya kupatwaharisha pale palipopata mate mwendeeni maalim wa msikiti wenu. Lakini kabla ya hukumu kuna ugonjwa. Mbwa huyo mnamjua? Ana chanjo? Kama ni mbwa koko aliyekuwa akiyumba, akitoa mapovu au akiuma kila kinachopita, mbuzi msimchinje na msimle, hata kama anasimama. Anayechuna na kupasua kichwa ndiye aliye hatarini kuliko anayekula. Muiteni daktari wa mifugo kwanza, mbuzi afungwe peke yake, na bibi asimpake dawa kwa mkono mtupu.

Mwanafunzi wa Kisauni: Mbwa ni wa jirani, cheti kipo ila cha mwaka juzi.

Mwenye somo: Basi kimeshapitwa. Daktari leo, usingoje kesho.

Mwenye Mbwa, Nyali: Mnasema mbwa, mbwa. Kuku wenu wanaruka ukuta, wanaparura mchicha wangu, mbwa wangu yuko ndani ya geti lake. Hapo nilipe nini?

Mwenye somo: Nimeandika wapi kuwa ulipe? Hatua ya 5 inazungumza habari ya mbwa aliyetoka. Mbwa aliye kwake na kuku aliyemfuata, hiyo kesi mimi siipeleki kwa chifu.

Mwenye Mbwa, Nyali: Sawa, ila somo lako lingesema hivyo.

Mwenye somo: Haya, limesema sasa. Wafugaji, kateni manyoya ya bawa moja tu, yale marefu ya kurukia. Kuku hukosa mizani, haruki ukuta, na hayana maumivu kama kucha. Yataota tena akibadilisha manyoya.

Dada wa Changamwe: Samahani natoka kidogo nje ya mada. Mwanangu alikuwa anamtetea kuku, mbwa akamkwaruza mkono kwa meno. Damu kidogo tu. Nimempaka kitunguu saumu.

Mwenye somo: Dada, hii si nje ya mada, acha kusoma uoshe sasa hivi. Maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili, hata kama kidonda ni kidogo. Kitunguu kitoe chote, na usipake pilipili wala mafuta. Kisha mpeleke hospitali leo leo, Makadara au iliyo karibu, useme "ameumwa na mbwa" na uulize chanjo ya kichaa cha mbwa. Sindano ni zaidi ya moja, usikatize njiani hata kidonda kikifunga. Kichaa kikishaonyesha dalili hakina tiba. Mbwa asiuawe; afungwe na aangaliwe siku 10, maana akibaki mzima siku hizo zote daktari atajua la kufanya na zile sindano zilizobaki. Lakini usingoje siku hizo ndipo uanze.

Dada wa Changamwe: Tuko kwenye matatu.

Mwenye somo: Barakallahu fiki. Utuambie.

Mvuvi Mstaafu: Umetaja kunguru ukapita. Hao wananimalizia vifaranga kuliko mbwa. Nimetandika nyavu kuukuu za kuvulia juu ya ua wote, hawashuki tena.

Mwenye somo: Hiyo nzuri, mzee wangu. Matundu yawe makubwa au madogo?

Mvuvi Mstaafu: Madogo. Ya jarife, ule wavu wa samaki wakubwa, ni makubwa, kunguru anaingiza kichwa, ananasa, na wenzake wanakuja kupiga kelele mtaa mzima. Ivute ikaze, isilegee. Mtongwe ukienda asubuhi wavuvi wakirudi utapata zilizochakaa kwa bei ya maelewano, ila zioshe kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, kwanza, harufu ya samaki itakuletea paka.