Namna ya Kuandika Maisha ya Bibi wa Ukoo wa Kitawala wa Lamu na Pate

Anayetaka kuandika maisha ya bibi wa nasaba kubwa katika visiwa vya Lamu hukutana mapema na kikwazo kimoja: tarikhi za miji hii zilipangwa kwa zamu za watawala, nani alimrithi nani na nani alipigana na nani, na mwanamke hutajwa pale tu anapoolewa, anapozaa mrithi au anapoingia katika ugomvi wa kiti. Mwandishi anayezifuata tarikhi hizo peke yake huishia kuandika maisha ya mume. Njia ninayoiamini huanza kwa maneno ya bibi mwenyewe, ikaenda kwenye nyumba na mali yake, na kufika kwa watawala mwishoni. Nitaieleza kwa mfano wa Mwana Kupona binti Msham wa Pate, mke wa Bwana Mataka aliyetawala Siyu, mji ulio katika kisiwa cha Pate.

Tafuta kwanza alichokisema yeye. Kwa Mwana Kupona tuna bahati kubwa, kwani alimwachia binti yake Mwana Hashima utendi wa wosia, na Mwana Hashima aliishi Lamu hadi karne ya 20. Usome utendi huo mara ya kwanza bila kalamu mkononi, kisha urudie ukitenganisha yaliyo ada ya watunzi na yaliyo habari ya mtu. Anapojiita mgeni mpweke na mwenye dhambi kuliko wote, hayo ni unyenyekevu ambao watunzi wa tendi wameuzoea, na si haki kuyageuza kuwa ushahidi wa maisha ya huzuni. Lakini anaposema kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima, anapoeleza jinsi alivyokaa na mumewe kwa furaha na kuheshimiana, na anapowaombea wanawe na ndugu zake kwa Mungu, hapo anazungumza mama mgonjwa aliyekwisha kufiwa na mume, na hayo ndiyo ya kuandikwa. Wasomaji wengi wa leo huishia kwenye mafundisho ya kumtii mume na kumhukumu kwa hayo. Nadhani wanamwonea, maana mwanamke aliyeweza kutunga kwa ustadi huo, akawaalika wanawake wenzake wausome na kuufahamu, alikuwa mwalimu wa mji.

Uangalie mwaka kwa makini. Utendi unajitaja kuwa ni wa mwaka 1275 wa Hijra, na mwaka huo ulianza Agosti 1858 ukaisha mwishoni mwa Julai 1859, kwa hiyo anayeandika 1858 bila kuona mwezi anasema zaidi ya anachokijua. Hali ni hiyo hiyo kwa kila hati ya zamani: nakili kwanza tarehe ya Hijra kama ilivyo, kisha uiweke ya Miladia kando yake.

Hati zenyewe ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo mara nyingi hazitofautishi sauti za Kiswahili kama sisi tunavyozitofautisha, na neno moja laweza kusomwa kwa namna mbili au tatu. Usisome peke yako. Keti na mzee anayeijua lahaja ya Kiamu au ya Kipate, umwombe asome kwa sauti. Uulize pia nakala ilitoka kwa mkono wa nani. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, kwa mfano, aliwanakilia wataalamu wa Ulaya tendi nyingi, na nakala iliyoandikwa kwa ombi la mgeni haina budi kulinganishwa na nyingine.

Kutoka kwenye maneno, nenda kwenye nyumba. Hapa ndipo ningemshauri mwandishi akae muda mrefu zaidi. Katika koo za waungwana wa Lamu, ilikuwa desturi binti anapoolewa apewe nyumba na wazazi wake, hivyo mume ndiye aliyehamia kwake. Ingia katika nyumba ya mawe ya zamani, na ikiwa huna mwenyeji, ipo nyumba ya Kiswahili iliyohifadhiwa kama makumbusho katika mji wa kale. Pita kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni, ambako wanaume walipokelewa, vuka kiwanda, yaani ua wa ndani, uingie misana miwili, vile vyumba virefu vinavyofuatana, kisha chumba kiitwacho ndani, penye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo vya thamani, mpaka chumba cha nyuma kiitwacho nyumba kati, ambako wanawake walizalia na maiti wa jamaa wakaoshwa. Tembea na daftari, uandike mtu aliyesimama mahali fulani angeona nini na angesikia nini. Uangalie na wikio, yaani daraja linalovuka juu ya kichochoro na kuunganisha nyumba mbili za jamaa, kwani mwanamke aliweza kumtembelea ndugu yake bila kushuka njiani.

Alipotoka nje, bibi wa daraja hiyo alifunikwa kwa shiraa, yaani pazia kama hema, iliyobebwa na watumwa wake. Usiwapite watu hao kwa neno moja. Heshima ya bibi ilisimama juu ya kazi yao, na utumwa haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi 1907. Panapopatikana jina la mjakazi au la mlezi, liandike kwa ukamilifu uleule unaompa bibi yake.

Mali ndiyo njia ya tatu. Sheria ya Kiislamu ilimpa mwanamke fungu lake katika mirathi na haki ya kuweka wakfu, kwa hiyo karatasi za mirathi, wakfu na talaka mara nyingi humtaja mahali ambapo tarikhi imenyamaza. Majina yaandikwe pamoja na ya baba na babu, kwani katika ukoo wa Nabahani, uliotawala Pate, akina Fumo Luti na Bwana Mkuu wanarudi vizazi kwa vizazi, na kosa moja humpa mtu wajukuu wasio wake.

Sasa ndipo watawala waingie. Bwana Mataka aliipinga nguvu ya Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, katika miaka ya 1840, naye akafariki 1856. Andika vita hivyo kwa kadiri vilivyofika mlangoni kwa mkewe. Masimulizi ya tarikhi yapewe nafasi yake lakini yaitwe masimulizi. Yasemwa kwamba Mwana Darini wa Pate, aliponyimwa siwa ya mji, yaani baragumu la heshima, katika sherehe ya kumtahirisha mwanawe, aliagiza nyingine ichongwe, na siwa ya pembe za ndovu ya Pate, yenye urefu unaozidi mita mbili, ingalipo katika Makumbusho ya Lamu. Itazame, kisha uandike kwa kutenganisha kifaa unachokiona na kisa unachosimuliwa.

Ukiwaendea wazee wa ukoo, peleka salamu kwanza kupitia jamaa, na wanawake waulizwe na mwanamke ikiwezekana. Uliza kuhusu harusi, nyumba na vyombo kabla ya kuuliza kuhusu ufalme, maana huko ndiko kumbukumbu zao zilikokaa. Ukimaliza, wasomee ulichoandika, na jina wanaloliomba lisitajwe liondolewe kabla ya kuchapishwa.