Kuweka sifuri ya sensa za VSC baada ya kubadilisha vipuri: ninavyofanya gerejini kwangu Tanga

Gari limetoka kubadilishwa raki ya usukani, au pampu ya ABS (breki zisizofunga tairi), au ile sensa ndogo iliyo chini ya konsoli, kile kisanduku cha kati ya viti. Kazi imefungwa vizuri na injini inawaka, lakini kwenye dashibodi taa ya gari linaloteleza haizimi. Hiyo ni taa ya VSC, mfumo unaozuia gari kuteleza. Mwenye gari anaambiwa "hiyo taa haina shida, tembelea tu." Shida ipo. Siku atakapopanda Lushoto kutoka Mombo mvua ikinyesha, mfumo ambao ungemshikia gari kwenye kona utakuwa umelala. Au utakuwa macho lakini unaamini uongo, na huo ndio ubaya zaidi.

Naeleza hapa Toyota za miaka ya 2000 zenye VSC, kwa sababu ndizo zinazojaa gerejini kwangu: Mark X, Crown, Harrier na ndugu zao. Nissan wanauita mfumo huu VDC, Honda VSA, na magari mengi ya Ulaya ESP. Hizo nyingine kila moja ina utaratibu wake, na nyingi zinataka mashine ya kusoma hitilafu yenye menyu ya chapa hiyo. Usichukue utaratibu huu wa waya wa Toyota ukaupeleka kwenye gari jingine.

Kwanza uelewe unachokifanya. Sensa ya usukani inaeleza dereva anataka kwenda wapi. Sensa ya mzunguko inaeleza gari lenyewe linageuka kwa kasi gani, na pamoja nayo ipo sensa ya msukumo inayosikia gari likivutwa kando. Kontroli boksi ya ABS, yaani kompyuta yake, inalinganisha habari hizo. Zikipishana, inabana breki ya tairi moja na kupunguza nguvu ya injini. Sasa, sensa mpya haijui sifuri iko wapi. Wewe ndiye unayeiambia: hapa gari limesimama, limenyooka, liko sawa. Ukiiambia hayo gari likiwa limeinama, itashika huko kuinama kuwa ndiko kunyooka.

Hilo limenipata mwenyewe. Niliweka sifuri ya Mark X kwenye ua wa gereji, na ua wetu, kama nyua nyingi za Tanga, umejengwa na mteremko ili maji ya masika yakimbilie mferejini. Taa ilizima, nikaridhika. Kwenye barabara ya Muheza, kwenye kona nyepesi kabisa, gari likajishika breki ya upande mmoja bila mimi kugusa kitu. Tangu siku hiyo sakafu ndiyo kazi yenyewe. Waya na pini ni dakika tano tu.

Sakafu

Kiwango cha Toyota ni mwinamo usiozidi asilimia 1, yaani sentimita 1 kwa kila mita. Usikadirie kwa macho. Azima kwa fundi mwashi mpira wake wa maji, ule mwembamba unaoonyesha ndani. Ujaze maji, toa mapovu yote, kisha shika ncha moja kwenye tairi la mbele na nyingine kwenye tairi la nyuma. Pima kimo cha maji kutoka sakafuni kila upande. Kutoka tairi la mbele hadi la nyuma Mark X ina karibu mita 2.85, kwa hiyo tofauti ikizidi sentimita 2.8, hama. Rudia kushoto kwa kulia, ambako umbali ni kama mita 1.5 na tofauti inayoruhusiwa ni sentimita 1.5. Upande huu ndio muhimu zaidi, kwa sababu ndio sensa ya msukumo inaousikiliza gari likiwa kwenye kona. Mimi siridhiki mpaka nipate chini ya nusu ya hapo.

Ukipata mahali pazuri, piga alama nne za rangi kwenye matairi yanapokaa. Hutapima tena.

Kabla ya kugusa soketi

Maliza kazi zote za chini kwanza: bushi, tai rodi, beringi, kisha alaimenti. Usukani uwe umenyooka kweli barabarani, siyo umechomolewa na kurudishwa ili uonekane umenyooka. Kama ni lazima kuuchomoa, toa waya wa hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa airbag, mfuko wa hewa ulio ndani ya usukani. Haraka hapo inaweza kukuvunja uso.

Matairi yote manne yawe saizi moja na upepo sawa. Toa mizigo kwenye buti. Betri iwe na chaji. Mimi ikisoma chini ya volti 12.4 nachaji kwanza. Angalia sensa yenyewe imebanwa barabara na mshale wake unatazama mbele. Kama ni ya mtumba, linganisha namba zake na ile ya zamani, na muulize muuzaji kama iliwahi kuanguka. Sensa iliyoanguka usiifunge.

Kufuta sifuri ya zamani

Watu wengi wanaruka hapa, halafu wanashangaa kwa nini haikubali. Kontroli boksi inapokea sifuri mara moja tu. Haitapokea nyingine mpaka ufute ya kwanza.

Tafuta soketi ya mashine chini ya dashibodi upande wa dereva, yenye matundu 16. Itazame upande mpana ukiwa juu, maana kwenye magari mengine imefungwa kichwa chini. Hesabu mstari wa juu kutoka kushoto, 1 hadi 8. Wa chini ni 9 hadi 16. Unataka namba 4, ambayo ni hasi ya bodi, na namba 12, ambayo iko chini ya 4 moja kwa moja. Namba 16, ya mwisho chini kulia, ina moto wa betri muda wote. Ukiiunganisha na 4 utaunguza fyuzi, kwa hiyo hesabu mara mbili.

Usukani unyooke, giya iwe P, swichi ON bila kuwasha injini. Gari la kubonyeza, bonyeza mara mbili bila kukanyaga breki. Subiri taa za VSC zizime zenyewe baada ya ukaguzi wa mwanzo. Kisha, kwa waya mfupi, gusanisha na kuachanisha 4 na 12 mara nne au zaidi ndani ya sekunde 8. Taa ya VSC ikiwaka na kubaki, kumbukumbu imefutika. Zima swichi.

Kuweka mpya

Shuka wote. Funga milango taratibu, na asiwepo wa kuegemea bodi. Mwambie kijana anayegonga nyundo jirani apumzike kidogo, na lori kubwa likipita subiri lipite.

Swichi ikiwa imezimwa na giya ikiwa P, unganisha 4 na 12 na uache waya mahali pake. Weka swichi ON, usiwashe injini, usiguse usukani. Taa ya VSC itawaka sekunde chache, halafu itaanza kumeta. Kumeta ndiko kukubali. Mimi huiacha sekunde kumi nzima. Zima swichi, chomoa waya.

Isipometa, rudi kwenye kufuta. Mashine ikisoma kodi ya hitilafu C1210, sifuri ya sensa ya mzunguko bado. C1336, ya sensa ya msukumo bado. Mara nyingi giya haikuwa P au gari lilitikisika. Toyota za karibuni zaidi hufanyiwa haya yote kwa menyu ya mashine, lakini sakafu na utulivu ni vilevile.

Barabarani

Sensa ya usukani kwenye Toyota nyingi hujifunza yenyewe gari likienda moja kwa moja. Natafuta kipande kilichonyooka na kwenda kilomita 40 hadi 50 kwa saa bila kuyumba. Mashine ikiwepo, msaidizi asome: gari likienda moja kwa moja usukani uwe karibu na 0. Digrii 1 au 2 hazinisumbui. Zikifika 8 narudi kwenye alaimenti. Likisimama, mzunguko na msukumo viwe karibu na 0. Kata kona kushoto kisha kulia, polepole: namba ya mzunguko iende upande mmoja, kisha upande wa pili. Ikienda kinyume na usukani, sensa imefungwa kichwa chini.

Taa ikirudi baada ya siku chache wakati vipimo vyote vilikuwa sawa, inua zulia kabla ya kununua sensa nyingine. Hapa kwetu watu wanabeba samaki na barafu kutoka soko la samaki la Deep Sea ndani ya gari. Maji ya chumvi yanashuka chini ya konsoli na kulala kwenye soketi ya sensa. Pini zikiwa na kijani, safisha, kausha, halafu rudi kwenye zile alama nne za rangi uanze kufuta upya.