Kuchora sura ya bibi kutoka picha ya zamani, bila kuinakili

Kama mna ile picha ya bibi ya studio, nyeusi na nyeupe, amekaa mkono mmoja juu ya meza yenye maua ya plastiki, kwanza usiibandue albamuni kwa nguvu. Unyevu wa Mombasa waujua, picha zinagandana na plastiki, mimi nilivuta moja na nusu ya shavu ikabaki huko na kopi nyingine hatuna. Iache hapo hapo, ipige na simu karibu na dirisha, flashi zima, afu peleka fotokopi A4. Ukipata mashine iliyochoka ndo vizuri manake vivuli vinaungana vinakuwa madoa makubwa, na wewe wataka madoa, hutaki kuhesabu kope.

Pozi usiguse. Wapiga picha wa zamani, kina Parekh hapa Mombasa miaka ya 50 na 60, walikuwa wanapanga taa, kitambaa cha nyuma, mpaka mkono ukae wapi, hiyo kazi ushafanyiwa.

Sasa kibao. Plaiwudi nyembamba, piga sandpepa, paka praima, ikikauka paka kahawia iliyoelekea wekundu kote. Geuza fotokopi na kibao juu chini, fumba macho nusu, uweke giza tu kwa brashi pana kama ya kupakia ukuta. Ukiwa umegeuza hivyo huoni bibi, waona maumbo, na mkono unaacha uoga. Kama watumia akriliki zima feni kwanza, na rangi iweke juu ya tambara bichi, hasa msimu wa kaskazi, la sivyo itakauka kabla hujachovya mara ya pili.

Rangi nne zatosha: nyeupe, manjano ya udongo, nyekundu ya udongo, nyeusi. Hii nimeiba kwa zile sura za Fayum, Misri, za karne ya 1 mpaka ya 3 hivi, zilikuwa zachorwa kwenye vibao vyembamba, nyingi kwa nta iliyochanganywa na rangi, kisha kibao kinafungwa juu ya uso wa maiti. Na kwani twende mbali, ingia Fort Jesus uangalie michoro ya Wareno, meli na watu, mkaa na udongo mwekundu basi.

Macho ndo yanamaliza kazi, kwa hivyo yaache mwisho. Wale wa Fayum waliyakuza kidogo kupita kawaida, kope ya juu inakata mboni, na kuna kidoa kimoja cha mwanga, basi jicho lakutazama wewe. Fanya hivyo lakini weupe wa jicho usiwe mweupe! Mara ya kwanza nilipaka nyeupe tupu, bibi wa watu akawa kama ameona jini bafuni. Changanya nyeupe, nyeusi kidogo na chembe ya manjano, iwe kijivu cha maji ya chokaa. Ile nyeupe safi iweke kwa kile kidoa pekee, tena kwa ncha ya njiti ya kiberiti, mara moja, usirudie.

Kitambaa cha nyuma na meza mimi huviacha nje kabisa, uso ubaki na ile kahawia ya kwanza. Mamangu alipoona ya bibi alisimama kitambo hasemi, mwisho akauliza, "Na maua je, umeyatupa wapi?"