Gari Kuukuu Linachemsha? Uliza "Lini" Kabla ya Kushika Spana

Mtu anakuja na Prado imevutwa kwa kamba kutoka njia ya Sala Gate, lango la Tsavo Mashariki, na kabla sijafuta mikono ananiambia, "Fundi, hii ni hedi gasketi." Nani amekwambia? "Fundi wa kule." Huenda ni kweli. Lakini hedi gasketi, ile sili iliyo kati ya bloku ya injini na kifuniko chake cha juu (hedi), ndiyo kazi ghali kuliko zote kwenye mfumo wa maji, na mara nyingi ni majeruhi wa ugonjwa mwingine. Rejeta iliziba kwanza, gari likachemsha mara tatu nne, mwenyewe akaongeza maji na kuendelea, ndipo gasketi ikaungua. Badilisha gasketi uiache rejeta ileile, na utarudi na kamba ileile.

Mfano wangu ni Prado ya 90 yenye injini ya 1KZ-TE, dizeli ya lita 3.0 yenye turbo. Malindi zipo, na hazisamehe: bloku ni chuma, hedi ni alumini, na viwili hivyo havitanuki sawasawa vikipata moto. Hatua zenyewe zinafaa hata Pajero, Surf au Land Rover.

Likichemsha ukiwa njiani

Zima AC. Fungua hita mpaka mwisho wa moto, feni yake juu kabisa. Utaoga jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili. Simama mahali pa wazi na uelekeze pua ya gari kwenye upepo, iwe ni kusi au kaskazi. Kama mshale wa joto unashuka na hakuna maji yanayomwagika, acha injini izunguke taratibu bila kuizima. Ukiona mvuke au maji chini, au mshale umegoma kushuka, zima papo hapo.

Kisha kaa kivulini dakika 45. Kifuniko cha rejeta kizima kinashikilia presha ya karibu 0.9 bar, na kwa presha hiyo maji hayachemki kwenye nyuzi 100, yanafika karibu 118. Ukikifungua kikiwa moto, presha inatoroka na maji yanalipuka kuwa mvuke usoni pako. Wala usiimwagie injini maji baridi ukidhani unaisaidia. Hedi itapinda au kupasuka.

Mshale nao usiuamini sana. Geji za Toyota za miaka ile zimetengenezwa zikae katikati hata joto likipanda na kushuka kidogo, kwa hiyo ukiuona umeanza kusogea, mambo yameshaharibika. Na maji yakiisha kabisa, sensa inabaki hewani na mshale unaweza kushuka huku injini inaungua. Hita ikianza ghafla kupuliza baridi, simama.

Hatua ya 1: Linachemsha lini?

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Muulize dereva, au liendeshe mwenyewe.

Linachemsha kwenye foleni au likisimama na AC, lakini likikimbia kwenye lami linapoa: shida ni upepo. Angalia feni na mapezi ya rejeta.

Linachemsha kwa mwendo wa kasi, mlimani au likiwa na mzigo, lakini mjini ni zima: maji hayapiti ya kutosha. Shuku rejeta iliyoziba ndani, thamostati (mlango wa maji unaofunguka kwa joto) au pampu ya maji.

Mshale unaruka juu na kurudi kama panzi: kuna hewa ndani. Ama halikujazwa vizuri, ama moshi wa silinda unaingia kwenye maji.

Linachemsha kwenye mchanga tu, tuseme ule wa Mambrui: kama ni otomatiki, huenda gari halina ugonjwa. Giabokisi inayoteleza inazalisha joto kali, na oili yake inapozwa ndani ya rejeta hiyohiyo ya injini. Ingiza L4, ile gia nzito ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, kabla ya kukanyaga mchanga.

Hatua ya 2: Maji yanakwenda wapi?

Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko. Maji yafike shingoni. Tazama raba ya kifuniko. Ikiwa imekauka au imepasuka, nunua kipya chenye namba ileile ya presha. Bonyeza hosi zote, usiache ile ya chini. Kagua kitundu kidogo chini ya pampu ya maji: kikiwa na alama ya unga mweupe au kutu iliyochuruzika, sili ya pampu imekwisha. Maji yakiwa na rangi ya waridi iliyochafuka kama maziwa, usiwashe gari tena, kwa maana oili ya giabokisi na maji vimekutana ndani ya rejeta.

Halafu lala chini ya gari. Mzee mmoja alikuja akiwa ameshaandaa pesa ya hedi, kwa sababu gari lilikuwa "linakunywa maji" na pale linapolala hapana hata tone. Nusura niifungue. Prado nyingi zina hita ya nyuma, na maji yake yanapita kwenye paipu za chuma chini ya sakafu. Hapa kwetu hewa ya bahari inazila zile paipu kimyakimya. Yake ilikuwa na kitundu kama cha sindano, kilichotoa maji pale tu presha ilipopanda barabarani, na upepo ukayafuta. Nilizikata paipu za nyuma, nikaziunganisha mbili za mbele kwa kipande cha hosi ya hita na klipu. Malindi nani anahitaji hita ya nyuma?

Hatua ya 3: Upepo

Mulika tochi kati ya kondensa ya AC na rejeta. Ukitoka Tsavo utakuta mbegu za nyasi na wadudu wameshonana humo kama mkeka. Osha kwa maji ya bomba kutoka upande wa injini kwenda nje, presha ndogo; mashine ya kuoshea magari italaza mapezi. Yakimeguka kwa kidole kama biskuti iliyolowa, chumvi imeshayamaliza na hakuna cha kuosha.

Lile kava la plastiki linaloizunguka feni lipo? Mafundi wengi huliacha pembeni wakiona uvivu kulirudisha. Bila hilo, feni inavuta upepo kutoka pande zote badala ya kupitia kwenye rejeta.

Feni yenyewe ina klachi yenye mafuta ya silikoni. Zima injini ikiwa moto sawasawa, ondoa funguo, kisha izungushe kwa mkono. Inatakiwa iwe nzito. Ikizunguka yenyewe mara kadhaa, au ukiona mafuta yametapakaa katikati yake, klachi imekufa. Wapo wanaoichomelea ishike moja kwa moja. Inafika nyumbani, lakini inanguruma kama lori na inakula dizeli.

Hatua ya 4: Thamostati, na kosa la kuitupa

Nimeshachoka kufungua nyumba ya thamostati na kuikuta tupu. "Niliitoa, hapa kwetu ni joto." Thamostati nyingi za dizeli za Toyota zina kisahani cha chini. Injini ikipata moto, mlango wa juu unafunguka kwenda kwenye rejeta, na kisahani hicho kinaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, na maji mengi yanazunguka bila kuiona rejeta. Umeongeza joto kwa mkono wako.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, na uwe na kipimajoto. Nyuzi zake zimechapwa mwilini, kwa kawaida 76.5, 82 au 88. Ianze kufunguka karibu na hapo, na maji yakikaribia kuchemka iwe imefunguka kama milimita 8 au zaidi. Ukiirudisha, kile kipini kidogo kinachochezacheza kiwe juu, ndicho kinachotoa hewa.

Hatua ya 5: Rejeta ndani

Visima vyetu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe. Maji yake yana chokaa, na karibu na bahari yana chumvi pia. Yatie kwenye rejeta miaka miwili na utapata ukoko uleule unaouona ndani ya birika. Maji ya bomba ni afadhali kuliko ya kisima, lakini mimi natumia maji ya betri au ya mvua, nusu kwa nusu na kulanti, ile dawa ya rejeta. Sisi hatuogopi barafu. Kulanti tunaitaka kwa sababu inazuia kutu.

Gari likipata moto, zima, kisha pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta. Sehemu zilizo baridi zimeziba. Rejeta ya shaba inafunguliwa matenki na kupigwa rodi, yaani mirija yake inazibuliwa kwa vyuma vyembamba. Ya alumini yenye matenki ya plastiki haipigwi rodi, inabadilishwa. Na tafadhali, pilipili ya unga na yai ambavyo watu hutia kuziba rejeta inayovuja, vibaki jikoni.

Hatua ya 6: Sasa ndiyo hedi

Injini baridi kabisa, ivishe shingo ya rejeta glavu ya mpira na uifunge kwa uzi. Mwenzako awashe. Ikianza kupumua na kuvimba ndani ya dakika moja, kabla maji hayajapata hata uvuguvugu, huo ni moshi wa silinda. Hosi ya juu kuwa ngumu kama fimbo mapema hivyo ni ushahidi wa pili, na oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa ni wa tatu.

Ukiitoa hedi, usikubali irudishwe kwa gasketi mpya tu. Ipelekwe ikapimwe presha na unyoofu. Hedi za 1KZ-TE hupata kreki kati ya valvu, na jicho tupu linaweza lisizione.

Hatua ya 7: Kujaza

Pandisha pua ya gari kwenye mwinuko, hita zote zikiwa kwenye moto, na ile ya nyuma kama bado ipo. Mimina polepole huku ukiminya hosi ya juu. Washa kifuniko kikiwa wazi, ongeza maji kadiri mapovu yanavyotoka, na ufunge kifuniko thamostati ikishafunguka.

Mimi huvuka daraja la Sabaki hadi Marafa na kurudi, AC ikiwa wazi, kisha naliacha likinguruma dakika kumi bila kuzima. Asubuhi, likiwa baridi, nafungua kifuniko. Maji yakipungua kikombe kimoja, ilikuwa hewa. Yakipungua zaidi ya hapo, narudi chini ya gari na tochi.