SOMO: Kusawazisha silaha kwenye gemu la maroboti (someni kabla ya kuja inboksi)

Wadau, wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne: "Mkuu, mzinga wangu unaua sana, nipunguze ngapi?" Naandika mara moja, baada ya hapa natuma linki tu. Gemu langu nalitengeneza kwa injini ya gemu ya Godot na tunalijaribia sebuleni kwangu, Kijenge, Arusha, kompyuta sita na swichi moja ya mtandao ya kuziunganisha. Wewe tumia injini yoyote, hesabu ni zilezile.

1. Chagua silaha moja iwe kipimo. Yangu ni leza ya kati. Haiguswi.

2. Andika jedwali: pigo (madhara ya risasi moja), muda wa kujaza, joto (silaha inavyolichemsha roboti), uzito, umbali. Hata daftari linatosha.

3. Kila nguvu ilipiwe. BattleTech ya mezani, ya tangu 1984, ina mfano mzuri: silaha iitwayo PPC inapiga 10 kwa tani 7 na joto 10, nyingine iitwayo Gauss inapiga 15 kwa joto 1 tu, ila unabeba tani 15. Namba zenyewe usizinakili. Mezani dadu ndizo zinaamua pigo limeangukia mkono au mguu. Kwenye kompyuta chalii mwenye mausi nzuri anakutia zote kifuani.

4. Hesabu RISASI ZA KUUA, siyo pigo kwa sekunde. Hapa ndipo nilipoharibu. Mzinga wangu ulipiga 34, deraya (pigo linaloweza kuhimiliwa) ya roboti la kati ni 100, kwa hiyo risasi tatu kwisha habari. Watu wakalalamika, nikapunguza 1, ikawa 33. Nilidhani nawafuta machozi tu. Aisee, 33 mara tatu ni 99! Roboti linabaki limesimama na 1, unahitaji risasi ya nne. Kujaza ni sekunde 1.5 na risasi ya kwanza inatoka papo hapo, kwa hiyo kuua kulikochukua sekunde 3 sasa kunachukua 4.5. Nimepunguza pigo asilimia 3, muda umepanda asilimia 50. Jumamosi ile dogo mmoja aliuvua mzinga mbele ya macho yangu, akafunga leza, wala hakusema neno.

Onyo: piga hesabu kwa kila deraya uliyonayo. Roboti jepesi la 60 lilikuwa linakufa kwa mbili, likabaki mbili. Zito la 140, tano na tano. Nilichobadilisha ni la kati tu, na sikujua.

Onyo la pili: usibadilishe vitu viwili siku moja. Mimi nilirudisha 34 na kugusa muda wa kujaza usiku huohuo. Wiki nzima sikujua kipi kimeleta nini.

5. Jaribuni kwa kubadilishana silaha, ramani ileile.

6. Angalia kila silaha inashinda mara ngapi NA inachaguliwa na wangapi. Ikichaguliwa na wawili tu, huenda wakali ni hao wawili, siyo silaha.

MASWALI

Chalii wa Sakina: Mkuu mzinga wangu unapiga 50, nipunguze ngapi?

Mimi: Hatua ya 4.

Chalii wa Sakina: Nimesoma, we nipe namba tu.

Mimi: Deraya yako hujaitaja. Nikikupa namba nakudanganya.

Mdau wa Kiboriloni: Huku Moshi tukicheza kwa waya silaha ziko sawa. Tukicheza na jamaa wa Dar kwa bando, leza haipati kitu, makombora yanatamba. Kwa nini?

Mimi: Swali zuri sana hili. Pingi (muda wa ujumbe kwenda na kurudi) ikiwa milisekunde 200, roboti linalokimbia mita 25 kwa sekunde limeshasogea mita 5 kutoka pale ulipoliona, amri yako inapofika kwenye seva (kompyuta inayoendesha mechi). Kombora linalofuata shabaha linajirekebisha lenyewe, leza inapiga hewa. Usiongeze makali ya leza! Fanya seva ikumbuke roboti lilikuwa wapi ulipofyatua, ipime hapo. Na uzoee kujaribu kwa mtandao mbovu wa makusudi. Kwenye Linux, amri hii inachelewesha kila kinachotoka kwa milisekunde 100: tc qdisc add dev eth0 root netem delay 100ms. Badala ya eth0 weka jina la kadi yako ya mtandao, na ukimaliza uifute, mimi nilisahau nikailaumu modemu siku mbili.

Dada wa Njiro: Na mtu akifunga leza sita akafyatua zote kwa pamoja?

Mimi: Watengenezaji wa gemu la MechWarrior Online waliweka joto la ziada kwa silaha za aina moja zinazofyatuliwa pamoja. Wachezaji wakaliita joto la mzuka, maana halikuonekana popote kwenye skrini. Ukiiga, onyesha hilo joto kabla mtu hajabonyeza.

Mdau wa Majengo: Gemu lako lenyewe halijatoka, unafundisha nini?

Mimi: Halijatoka, ni kweli. Hesabu ya 33 mara tatu umeiona lakini?

Mdau wa Kiboriloni: Netem imekubali! Swichi yako ni ya milango mingapi?

Mimi: Minane, mtumba. Iweke mbali na dirisha, vumbi la huku unalijua.

Chalii wa Sakina: Mkuu samahani, deraya ni 150.

Mimi: Haya sasa. 50 mara tatu ni 150 kamili, ukitoa hata 1 ni risasi nne. Pigo liache. Ongeza muda wa kujaza kidogo, chezeni mechi kumi, uje na majibu.