Sh 1,600 za Wapi? Kuweka Bei ya Duka la Mtandaoni kwa Pesa ya Mteja

Mteja mmoja wa Dar es Salaam aliniagizia doti tano za leso kwa furaha ambayo sikuielewa mpaka alipofika kwenye malipo. Dukani kwangu mtandaoni bei ilikuwa imeandikwa "Sh 1,600" basi. Yeye akasoma shilingi za kwao. Shilingi yetu moja ya Kenya huenda karibu 20 za Tanzania, kwa hiyo alichodhani ni pesa ya soda mbili kilikuwa kama 32,000. "Dada, umenikaribisha vizuri halafu wanichinja," akaniandikia. Hakuchukua hata moja.

Kwa hiyo mwenzangu wa Mtaa wa Biashara akinijia kuniuliza habari za duka la mtandaoni, kabla ya yote namwambia aondoe hiyo "Sh". Kenya, Tanzania, Uganda na Somalia zote zina shilingi. Andika KES, TZS, UGX. Ni kazi ya dakika mbili kwenye mipangilio, na hata usipofanya lingine lolote katika haya, hili lifanye.

Kisha fungua daftari la maagizo uone wateja wako wako wapi hasa. Wangu ni wa hapa nyumbani, Tanzania, Oman, Dubai na Uingereza. Plagini niliyonunua, yaani programu ndogo ya kuliongezea duka kazi, ina sarafu chungu nzima. Nimewasha tano, na dola kwa wengine wote. (Mimi natumia WooCommerce, programu ya kuendesha duka la mtandaoni, ambayo yenyewe huonyesha sarafu moja tu, ndiyo maana ya plagini. Walio Shopify, huduma nyingine ya maduka kama hayo, wataikuta kazi hii sehemu iitwayo Markets.)

Kiwango cha kubadilishia usikiandike kwa mkono. Mwanzoni mwa 2024 dola ilifika kama shilingi 160, nami nikaweka dola 10 kwa pea ya 1,600, nikajiona mjanja. Mwisho wa Machi shilingi imepata nguvu, dola iko 130 na kitu, na duka langu bado linasema dola 10. Kila pea ikanipotezea karibu shilingi 300, na bei ninayonunulia kwa jumla ilikuwa ile ile. Sasa plagini huchukua kiwango kipya kila asubuhi, nami nimeongeza asilimia 3 juu yake ya kufidia makato ya benki. Rial ya Oman na dirham hazinisumbui: rial moja imefungwa kwenye dola 2.6008 tangu 1986, na dola moja ni dirham 3.6725 tangu 1997. Ukiilinda dola, hizo mbili zinafuata zenyewe.

Halafu desimali. Rial moja ina baisa 1,000, kwa hiyo bei ya Oman ina tarakimu tatu baada ya nukta. Ya Uganda haina hata moja. Pea yangu, dola ikiwa 129 na ile nyongeza juu, ilitoka OMR 4.912. Nani anauza leso kwa 4.912? Nikaiagiza plagini ipandishe hadi nusu rial iliyo mbele, ikawa 5.000. Nilipoiona mara ya kwanza roho ilinipaa, nikajua nimemwandikia mtu elfu tano.

Sasa lile linaloleta ugomvi. Bei inayoonekana na pesa inayokatwa ni vitu viwili. Plagini inaweza kuonyesha rial huku kampuni ya malipo inakata shilingi. Benki ya mteja itabadilisha kwa kiwango chake na kuongeza ada yake, na wewe ndiwe utakayeitwa mwizi. Iulize kampuni yako ya malipo swali moja: mnakata sarafu gani? Yangu inakata dola na shilingi tu. Basi kwenye ukurasa wa malipo, juu ya kitufe, nimeandika: "Utakatwa USD 12.80. OMR 5.000 ni makadirio." Na anayechagua M-Pesa, kikapu kizima kinarudi kwenye KES, kwa sababu huku kwetu M-Pesa hukusanya shilingi.

Jambo jingine ni kuponi. Idi moja nilitoa kuponi ya "punguzo la 200", nikikusudia shilingi. Plagini haikuibadilisha. Mteja wa London akapata punguzo la pauni 200, kikapu kikasoma sifuri, na agizo likapita! Nilimwandikia kwa adabu, akacheka, akalipa. Toa punguzo kwa asilimia, na kile kima cha ununuzi kinachompa mteja "usafiri bure" ukikague katika kila sarafu.

Duka hutambua nchi ya mtu kwa anwani yake ya IP, ile namba ya kifaa chake mtandaoni, na hukosea. Mwenye VPN, programu ya kuficha mahali ulipo, ataonekana yuko kwingine, na binamu yangu aliyekwenda kutembea Uingereza bado kadi yake ni ya Kenya. Weka menyu ya kubadilisha sarafu juu ya ukurasa, iwe rahisi kuonekana kwenye simu. Kama tovuti yako hutumia kashe, ile ya kuhifadhi kurasa ili zifunguke upesi, ukurasa uliohifadhiwa kwa mtu wa Dubai unaweza kupewa mtu wa Likoni, akaona dirham. WooCommerce ina chaguo la kutambua mahali linalokubaliana na kashe, lichague hilo.

Usijipime mwenyewe kwa simu yako, utaona KES kila siku na kuridhika. Mimi nina shangazi Muscat. Nikigusa chochote dukani, namwomba afungue na kunitumia picha ya skrini. Wiki iliyopita ilikuja safi, OMR 5.000. Chini yake akauliza leso hiyo ina jina gani, maana picha niliikata vibaya na maandishi hayaonekani.